Sufuria Kubwa ya Elisha: Chakula na Masomo ya Mwanafunzi wa Chuo



Ndugu msomaji, tunakuomba ufungue Biblia yako, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kuanzia aya ya 38. Aya tatu za mwisho za sura hiyo tunazisikia kanisani Dominika ya 17 ya Mwaka B, pamoja na Injili ya Yohane juu ya mikate mitano na samaki wawili. Zile zinazozitangulia hazisomwi siku hiyo, na kwa mada yetu ndizo zenye uzito.

Elisha amerudi Gilgali na nchi ina njaa. Wana wa manabii wameketi mbele yake. Hao si watoto wake wa kuzaa. Ni vijana walioishi kwa makundi chini ya nabii, wakilelewa na kufundishwa mambo ya Mungu. Kwa lugha ya leo tungesema ni wanafunzi wa bweni. Wameshakaa, mwalimu yupo, na sisi wasomaji tunasubiri somo lianze. Elisha anafungua kinywa, lakini hasemi na wanafunzi. Anamgeukia mtumishi wake na kumwagiza abandike sufuria kubwa, awapikie vijana.

Kinachofuata kinajulikana kidogo. Mmoja anakwenda porini kutafuta mboga, anarudi na matango-mwitu asiyoyajua, anayakatia humo humo sufuriani. Walipoanza kula wakapiga kelele kwamba chakula kina sumu. Elisha akaomba unga, akautia, na wakala salama. Baadaye akaja mtu kutoka Baal-Shalisha akiwa na mikate ishirini ya shayiri na masuke mabichi, malimbuko ya shamba lake, wakala watu mia moja na wakasaza.

Tuyashike mambo mawili. La kwanza, kijana mwenye njaa anayeachwa ajitafutie mwenyewe huokota chochote, na anachookota huweza kumdhuru yeye na wenzake. La pili, yule mtu wa Baal-Shalisha ni mkulima wa kawaida. Malimbuko kwa Sheria yalikuwa haki ya makuhani (taz. Kumbukumbu la Torati 18:4), naye akayapeleka walipokuwa wanafunzi. Biblia haikutunza hata jina lake.

Makala hii inahusu sufuria hiyo. Tunataka kujua kama chakula anachopewa mwanafunzi wa chuo kina uhusiano na kufaulu kwake, ni uhusiano wa namna gani, na parokia inaingiaje humo.

Sisi tunaokula kwa kengele

Ni vizuri tuanze na sisi wenyewe mafrateri. Seminarini kengele inalia mara tatu kwa siku kwa ajili ya chakula. Asubuhi kuna uji au chai na mkate, mchana ugali na maharage, jioni wali au ugali tena. Tunalalamika kuhusu maharage, hilo hatukatai. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kukaa na Aristoteli usiku huku akijiuliza kesho atakula nini. Swali hilo wamelibeba watu wengine: gombera, padre mhasibu, masista wa jikoni, na nyuma yao waamini walioleta magunia ya mahindi wakati wa mavuno na kutoa sadaka ya Dominika ya Mchungaji Mwema. Nyuma yao zaidi lipo Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lililoanzishwa mwaka 1889 huko Caen, Ufaransa, na mama mmoja na binti yake, Stéphanie na Jeanne Bigard, ili kuwategemeza waseminari wa nchi za misioni.

Mtaguso wa Trento ulipoagiza seminari ziundwe, katika kikao chake cha 23 mwezi Julai 1563, uliwapa maaskofu wajibu kwa vitenzi vitatu: wawalishe vijana, wawalee kidini, wawafunze taratibu za Kanisa. Kitenzi cha kwanza katika Kilatini ni *alere*, kulisha. Mtaguso uliongeza kwamba wachaguliwe hasa watoto wa maskini, na wa matajiri wasikataliwe, ila hao wale kwa gharama zao. Kwa hiyo seminari, tangu siku ya kwanza, ni mpango wa msaada wa chakula kwa wanafunzi. Tumezoea kuiita nyumba ya malezi, na ni kweli, lakini jiko lilikuwamo kwenye hati ya kuzaliwa.

Wala Trento haikuanza kitu kipya kabisa. Mwaka 1180 Mwingereza mmoja aitwaye Jocius, akirudi kutoka Yerusalemu, alipita hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris akakuta kuna chumba walimolazwa makleri maskini waliokuwa wakisoma. Akakinunua chumba kile na kuacha fedha ili daima wawepo humo wanafunzi 18 wenye kitanda na fedha kidogo ya kila mwezi. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa chuo cha kwanza cha bweni mjini Paris. Na neno letu "basari" linatokana na *bursa*, mkoba, ambamo zilitoka fedha za kumtunza mwanafunzi wa namna hiyo. Mt. Agostino naye, akiwa na miaka 16, alikaa nyumbani Thagaste mwaka mzima bila shule kwa sababu baba yake Patrisio alikuwa bado anakusanya fedha. Aliyemsaidia kuendelea ni tajiri wa mji wao, Romaniano. Tunaposoma vitabu vya Agostino darasani, tunasoma pia matunda ya mkoba wa mtu mwingine.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo sisi tunaokula kwa kengele tuna haja ya kueleza kwa makini hali ya jirani yetu wa chuo kikuu, tusije tukamhukumu.

Bumu na pasi ndefu

Kabla ya sera ya kuchangia gharama za elimu, iliyoanza kutekelezwa mapema miaka ya 1990, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania alilishwa na serikali. Leo anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupewa, pamoja na ada, fedha ya chakula na malazi. Kiwango kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na miaka ya karibuni kikapandishwa hadi shilingi 10,000. Hutolewa kwa awamu, na wanafunzi wenyewe huiita bumu.

Shilingi 10,000 kwa siku si kidogo kwa macho ya mkulima. Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Siku 60 ni shilingi 600,000. Mwanafunzi amekosa nafasi bwenini, amepanga geto la shilingi 70,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mkononi: 210,000 imeondoka siku ya kwanza. Imebaki 390,000, yaani 6,500 kwa siku, humo humo kuna nauli ya kwenda chuoni, sabuni, bando la intaneti na kutoa nakala za madesa. Halafu simu inaita kutoka nyumbani: mdogo wake amerudishwa shule kwa ajili ya mchango, au mama anaumwa. Watu wazima wanaosema wanafunzi hawajui kutunza fedha wasisahau kwamba kwa familia nyingi bumu la mtoto ndiyo fedha taslimu nyingi kuliko zote zilizoonekana mwaka huo.

Na huyo ndiye mwenye nafuu. Wapo waliokosa mkopo kabisa, na wapo wa vyuo vya kati, ambako mikopo ya stashahada imeanza juzi tu na kwa baadhi ya fani.

Wiki za mwisho kabla ya bumu jingine zina msamiati wake. Kupiga pasi ndefu ni kuruka chai na chakula cha mchana, ukala mara moja saa kumi alasiri, mlo mmoja ukabeba mitatu. Kuunga unga ni kuchanga nguvu watu watatu, mmoja ana unga, mwingine mafuta, wa tatu ana jiko. Daftari la mama ntilie linajaa majina. Ikitokea wiki hizo zimeangukia kwenye majaribio au kwenye UE, mtu anaingia chumba cha mtihani akiwa na kikombe cha maji tumboni. Matokeo yakitoka kuna sapu, na baada ya sapu kuna kudisko. Kwenye karatasi ya matokeo huandikwa kwamba alifeli somo fulani. Sababu ya kufeli haina safu yake.

Njaa inafanya nini akilini?

Hapa inatubidi twende taratibu, maana sisi wa falsafa tunafundishwa kwamba vitu viwili kuandamana hakuthibitishi kuwa kimoja kimesababisha kingine.

Marekani wamelichunguza sana suala hili. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, ilipitia tafiti 31 juu ya wanafunzi wa vyuo wasio na uhakika wa chakula. Viwango vilitofautiana mno, kutoka asilimia 9 hadi zaidi ya 50, lakini tafiti 22 kati ya hizo zilipata zaidi ya asilimia 30. Haya yanatokea katika nchi tajiri. Tena ofisi hiyo ilikadiria kwamba mwaka 2016 karibu wanafunzi milioni 2 walioonekana kuwa na sifa za kupata msaada wa chakula wa serikali, unaoitwa SNAP, hawakuupata. Sababu moja ni sheria yenyewe. Mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya muda wa kawaida kwa kanuni hapewi, mpaka awe na sababu maalumu, mojawapo ikiwa ni kufanya kazi ya kipato saa 20 kwa wiki. Yaani ili ale apate kusoma, auze saa 20 ambazo angesomea. Wakati wa janga la Uviko-19 walilegeza masharti hayo, kisha mwaka 2023 wakayarudisha. Vyuo vingi huko vimefungua stoo za chakula ndani ya kampasi. Kile cha Michigan State kilikuwa na stoo iliyoendeshwa na wanafunzi tangu mwaka 1993, na kufikia 2018 vyuo zaidi ya 650 viliripoti kuwa nazo.

Sasa, tafiti nyingi za namna hii huonyesha kwamba wenye njaa wana alama za chini na huacha chuo zaidi. Lakini mtu mwenye hoja atauliza: je, si kwa sababu maskini walitoka shule mbovu tangu mwanzo? Labda njaa na alama za chini ni ndugu wawili wa baba mmoja, umaskini, wala mmoja hakumzaa mwingine. Swali hili ni halali na hatulikwepi.

Jibu zuri tulilokutana nalo halikutoka chuoni, limetoka shambani. Mwaka 2013 watafiti wanne, wakiwamo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walichapisha katika jarida la Science kazi waliyofanya kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hupata fedha mara moja, baada ya mavuno. Kabla ya mavuno ana dhiki, baada yake ana nafasi. Watafiti waliwapa wakulima majaribio ya akili kabla ya mavuno, wakawapa tena baada ya mavuno. Mkulima ni yule yule, shule aliyosoma ni ile ile, ubongo ni ule ule. Alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Na watafiti hao walisema kwamba, kwa kadiri walivyoweza kupima, tumbo peke yake halielezi tofauti ile. Kilichokula akili ni wasiwasi, ile hesabu isiyokoma ya nani nimlipe, nani nimkope, kesho itakuwaje.

Anayemfahamu mwanafunzi wa wiki ya mwisho kabla ya bumu atamtambua mkulima huyu mara moja.

Na hapo ndipo tunaliona jambo tunalotaka kulisema katika makala hii. Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, nao hutumia kama asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika, kwa hiyo sahani tupu ni tatizo la kweli. Lakini sahani isiyo na uhakika ni tatizo hata siku imejaa. Mwanafunzi aliyeshiba leo bila kujua kesho anasoma kwa nusu ya akili. Kinachomsaidia asome si karamu. Ni kujua kwamba saa saba mchana chakula kipo, hata kama ni ugali na maharage yale yale, ili akili iache kupiga hesabu ya tumbo na irudi kwenye kitabu. Kengele ya seminari, ambayo wengine tunaichukia alfajiri, imetupa hicho bila sisi kukitaja katika shukrani zetu.

Somo hilo hilo limo katika kitabu cha Danieli, sura ya 1. Mfalme Nebukadneza anachagua vijana wa Kiyahudi wafundishwe lugha na maandiko ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, na katika agizo hilo hilo anawawekea posho ya chakula ya kila siku kutoka meza ya mfalme. Sisi huisoma sura hii tukamsifu Danieli kwa kukataa nyama na divai, na kweli alikuwa na sababu ya imani. Lakini alichoomba badala yake ni mboga na maji kila siku, na msimamizi aliyewekwa juu yao akawa anawapa. Danieli alibadilisha chakula, hakukosa chakula. Mhubiri anayemtumia kuwaambia wanafunzi wavumilie njaa amesoma nusu ya sura.

Mt. Thoma na mwenye njaa

Kuna tabia, hata kwetu seminarini, ya kuona habari za chakula kuwa za chini na habari za akili kuwa za juu. Falsafa inayofundishwa katika Kanisa haikubaliani na mgawanyo huo kwa wepesi. Mt. Thoma wa Akwino, akimfuata Aristoteli, anafundisha kwamba roho ni umbo la mwili, si mpangaji ndani ya nyumba. Katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 84, kifungu cha 7, anaeleza kwamba akili yetu katika maisha haya haiwezi kufikiri bila kurejea picha zilizomo katika ubunifu na kumbukumbu, na hizo zinategemea kiungo cha mwili. Kiungo kikidhurika, mtu hushindwa kuelewa hata yale aliyokwisha kuyajua. Thoma alikuwa akizungumzia wagonjwa, lakini kanuni yake inatosha kwetu: mwanafunzi aliyekariri vizuri jana usiku na kukwama leo mbele ya karatasi si lazima awe mvivu.

Mahali pengine, katika II-II, swali la 32, kifungu cha 3, anauliza kama sadaka za kiroho, kama vile kumfundisha asiyejua, ni bora kuliko sadaka za mwili. Kwa ujumla, anajibu, za kiroho ni bora, kwa kuwa roho inaupita mwili. Kisha anageuza: katika hali fulani ya mtu fulani, ya mwili inaweza kutangulia, na mfano anaotoa ni huu wetu. Mtu anayekufa njaa alishwe kwanza kabla ya kufundishwa. Anamtaja Aristoteli, ambaye katika kitabu chake kiitwacho Topika alisema kwamba kufalsafu ni bora kuliko kutafuta mali, ila si kwa mtu aliyepungukiwa na mahitaji. Inatupendeza kwamba wanafalsafa wawili wakubwa kuliko wote tunaowasoma wamekubali bila aibu kwamba falsafa inasubiri chakula.

Mt. Benedikto alikuwa mtu wa vitendo zaidi. Katika sura ya 38 ya Kanuni yake anaagiza kwamba mmonaki msomaji wa wiki, ambaye atasoma wenzake wakila, apewe kwanza kinywaji kidogo kabla ya kuanza, ili saumu isimwie nzito. Hata kusoma kwa sauti mezani alikuona ni kazi isiyopaswa kumkuta mtu tumbo tupu.

Yanayosemwa

Tukiwa katika utume wa mwisho wa wiki tumeyasikia majibu ya wazee wetu parokiani, nayo yanastahili heshima. La kwanza: sisi tulisoma kwa njaa, na tumefika. Ni kweli, shikamoo zao ziko palepale. Ila wanaosema hivyo ni wale waliofika. Wenzao waliorudi kijijini mwaka wa pili hawapo kwenye kikao kutoa ushahidi.

La pili: wanafunzi wa siku hizi bumu likitoka wananunua simu na chipsi kuku, baada ya wiki tatu wanalia. Wapo, na hatuwatetei. Busara ni fadhila, na kijana asipoijifunza miaka 20 ataijifunza kwa gharama kubwa akiwa na 40. Lakini sisi mafrateri tusiwe wa kwanza kurusha jiwe. Padre mhasibu hajawahi kutupa shilingi 600,000 mkononi atuache nazo siku 60. Anatupa ugali. Nidhamu yetu katika jambo hili haijapimwa.

La tatu linatoka kwa watu wa sala: njaa ni mfungo, wamtolee Mungu. Hapana. Anayefunga amechagua, anajua saa ya kufungua, na alichojinyima kinaenda kwa mwingine, kama Isaya anavyodai katika sura ya 58. Anayepiga pasi ndefu hakuchagua, hajui itaisha lini, na hana cha kumpa mtu. Mt. Yakobo, sura ya 2, amekwisha kusema la kusema juu ya anayemwaga baraka za mdomo kwa ndugu asiye na chakula.

Parokia yenye chuo ndani yake

Parokia nyingi mijini sasa zina chuo ndani ya mipaka yake, na wanafunzi Wakatoliki wamejiunga na TMCS, wana padre mlezi, wana kwaya inayoimba vizuri kuliko ya parokia. Msaada wanaoupata kwa kawaida ni karamu: Krismasi, somo wa tawi, mahafali. Tunazipenda karamu hizo, na huwa tunaalikwa. Lakini kama tulivyoona, pilau ya Desemba haimwondolei mtu wasiwasi wa wiki ya pili ya Februari. Kwa fedha ile ile ya pilau, mtu angeweza kuhakikishiwa sahani moja ya mchana kwa wiki mbili ngumu. Hapo mwanafunzi hatakumbuka karamu yoyote, ila atakuwa amesoma.

Njia rahisi kuliko zote, kwa maoni yetu, haihitaji stoo wala kamati kubwa. Parokia ina mama ntilie, na mara nyingi ni mwana WAWATA. Alipwe mapema sahani kadhaa kwa siku, padre mlezi na viongozi wawili wa TMCS wawe na majina, na mwanafunzi akifika aagize, ale, aondoke kama mteja mwingine yeyote. Hakuna foleni ya maskini, hakuna picha ya kupokea msaada kwenye kundi la WhatsApp. Kijana wa chuo atavumilia njaa siku tatu kabla ya kuvumilia kuonekana ana njaa, na mpango usiolijua hilo utapikia sufuria watu wasiokuja. Bwana wetu amefundisha juu ya mkono wa kushoto kutojua unachofanya wa kuume. Hapa neno hilo ni taratibu ya kazi. Mama ntilie naye asidaiwe kutoa bure. Biashara yake isimame, maana yeye amekuwa akiwakopesha wanafunzi hao muda mrefu kabla sisi hatujaandika makala.

Kisha kuna jumuiya ndogondogo. Mwanafunzi aliyepanga geto anaishi ndani ya eneo la jumuiya fulani, lakini mara nyingi hayumo kwenye daftari. Tumewauliza baadhi kwa nini hawahudhurii alfajiri ya Jumamosi, na jibu lililorudi zaidi ya mara moja ni michango. Akijiandikisha ataingizwa kwenye hesabu ya mavuno, ujenzi na harusi, naye hana. Anakaa mbali na watu ambao, kama wangemjua, wasingemwacha alale njaa. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kulimaliza hili kwa sentensi moja, kwamba mwanafunzi hadaiwi mpaka amalize chuo.

Kuhusu chakula chenyewe, tuangalie kalenda. Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai, na waamini hutoa mavuno miezi hiyo na inayofuata. Mitihani ya muhula wa pili katika vyuo vingi huwa kati ya Juni na Julai, bumu la mwisho likiwa limeshakatika. Magunia yanaingia parokiani katika wiki zile zile ambazo geto la jirani linapiga pasi ndefu. Sehemu ya magunia hayo huja kwetu seminarini, na tunaomba iendelee kuja. Tunawauliza maparoko na halmashauri za walei: gunia moja au mawili yakibaki kwa mama ntilie wa karibu na chuo mpaka UE ziishe, ni nani katika parokia atakayeomba yarudishwe?